Volant ya gari ya Nadège

Lundi, tarehe 2 mwezi wa tatu

Mvula toka asubui. Makala, mukaa yetu, ililala inje, mbabula, jiko yake, ikakataa kuwaka. Nilipepea mpaka mukono ikachoka. Kiisha chai, mukate, dawa ya binti yangu Nadège. Nilimunawisha muguu. Toka batoshe plâtre, batoe ile plasta ku muguu, ni wiki mbili. Muguu iko mwembamba kama ya mutoto ya masomo. Sipendi kuiangalia sana, sababu yeye anaangalia uso yangu wakati minye ninaangalia muguu.

Daktari alisema tena: mufupa ilishikana, kazi ya daktari imeisha, inabakia kazi ya Nadège. Kama hasimami mu hii mwezi, goti itakauka vile vile, na haitakunjama tena. Alimuambia yeye, lakini alikuwa ananiangalia minye.

Béquilles, fimbo zake za kutembelea, ziko nyuma ya mulango. Bado hazijagusa chini. Kila siku anasema: "Kesho, mama." Ana miaka makumi mbili na mbili. Kabla ya ile pikipiki kumuangusha ku barabara ya Panda, alikuwa analala chini ya magari ya bantu mu garage ya bosi yake, patron Mukalay, anatoka na mafuta mpaka ku masikio. Mwanamuke mécanicien, fundi ya magari. Nilikuwa ninamugombeza juu ya nguo. Sasa nguo iko safi kila siku. Sipendi ile usafi.

Nilisuka nywele ya vichwa mbili, njo kazi yangu. Mgongo inaniuma.

Mardi, tarehe 3

Pakiti ya Béa imefika. Béa ni mutoto yangu ya kwanza, mukubwa yake Nadège, anakaa ku Bulaya. Alimuandikisha mudogo yake mu ile mambo ya gari yenye kukuya, kuja, kidogo kidogo. Kila mwezi bitabu ine byembamba, na ku kila kitabu bipande ya gari mu plastiki. Béa anapana pakiti kwa muntu mwenye kusafiri, muntu anafika Lubumbashi, taxi-bus inaleta pakiti mpaka hapa Likasi. Ikiisha, gari itakuwa na urefu ya mukono yangu, toka kiwiko mpaka ku ncha ya kidole. Gari ya zamani, nyekundu, bila paa. Misumari yake ya kuzungusha ni kama mbegu ya nyanya.

Alifungula pakiti na makasi yangu ya nywele. Nikapiga kelele, hakusikia. Mara hii ni viti mbili ya mbele na volant, usukani. Duara ya chuma yenye kuvaa plastiki nyeusi, kadiri ya kifuniko ya pomade. Aliikamata na vidole mbili, akaizungusha hewani. Akafanya sauti ya moteur na kinywa.

"Mama, ingia. Ninakupeleka Lubumbashi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijamusikia vile toka mwezi wa kumi na moja, toka ile pikipiki.

Jeudi, tarehe 5

Mama Yvette alikuya kusuka. Ni jirani, tunasali pamoja mu kikundi ya maombi. Ana roho muzuri, lakini kinywa yake inatembea mbele yake.

Aliona gari pa kibao, pa magoti ya Nadège. Alikuwa hajaiona toka ipate milango. Akanyamaza. Mama Yvette kunyamaza, kichwa nusu kimesukwa! Nikajua kuna neno.

"Mama Béa. Mutoto alianguka ku barabara, na weye unaacha gari inakomaa mu nyumba yako?"

"Ni kintu ya kucheza."

"Ya kucheza? Ina plaque ya namba. Ina milango yenye kufunguka. Sasa banaleta na viti. Viti ya nani? Bantu ya giza banapandaka mu bintu kidogo kuliko ile."

Nadège akajibu toka ku kitanda: "Tantine, kama ni kiti ya mbele unataka, lomba mapema. Inabakia moja."

Nilicheka. Mama Yvette hakucheka. Nilimaliza kichwa yake mbio mbio.

Vendredi, tarehe 6

Sina masomo mingi. Nilifika mwaka ya ine, kiisha mama akanipana mutoto mugongoni nimulee. Muntu ya masomo angecheka maneno ya Mama Yvette na kuisahau. Minye siwezi. Minye niliona vile balimuleta mutoto yangu juu ya pousse-pousse, mukokoteni ya mizigo, kiatu moja tu, na ile kiatu imejaa damu.

Leo niliangalia gari siku nzima. Viti yake inaangalia mbele. Iko inangojea.

Na kuna neno lingine, hili si la Mama Yvette, ni langu. Gari inaongezeka, muguu haiongezeki. Béa alisema gari itamupa mudogo yake nguvu. Minye ninaona inamupa sababu ya kulala. Anatengeneza magurudumu ya gari na yeye mwenyewe hasimami. Kama gari ikiisha na muguu ikakauka? Nitaweka ile gari wapi? Nitaiangalia namna gani?

Sikukula muzuri.

Samedi, tarehe 7

Salongo, kazi ya usafi ya bantu bote. Kila parcelle, kila kiwanja, inasafisha mufereji yake mpaka saa ine. Nilichota matope, nikarudi, nikatia sombe, majani ya muhogo, ku moto. Nadège alikuwa amelala sababu ya dawa.

Ninaandika hii sababu hakuna muntu nitamuambia.

Nilikamata volant mu sanduku yake kidogo. Nilijiambia: gari bila volant haiendi popote. Haiwezi kumubeba mutoto yangu. Nikasema jina ya Yesu, nikatosha sufuria, nikaitupa volant mu mbabula.

Plastiki ikavimba, ikatoka moshi nyeusi. Harufu mubaya sana. Nadège akaamka.

"Mama, nini inaungua?"

"Mufuko ya sukari."

Sombe ilikamata ile harufu. Tuliikula vile vile.

Dimanche, tarehe 8

Ku kanisa. Waliimba, sikuimba. Mama Yvette akaniuliza kama niliombea ile mambo, vile aliniagiza. Nikasema ndiyo. Sikumuambia namna gani.

Wakati nilitosha majivu ya mbabula nilikuta duara ya chuma. Nyeusi, lakini nzima. Chuma haikuungua. Nikaifunga mu kona ya kitenge, fundo mbili.

Mardi, tarehe 10

Leo kitabu ilifika pa kuweka volant. Akafungula sanduku. Hakuna kintu.

Aliuliza polepole, bila hasira. Nikasema sijui. Kiisha nikafanya mubaya kuliko uongo ya kinywa: nikatafuta pamoja naye. Nilitikisa mashuka. Niliinua godoro. Nilipiga magoti nikaangalia chini ya kitanda, na ile fundo ya kitenge inanigonga tumbo.

Nilitoka kuchota maji. Kwa kweli nilikimbia. Ku robinet, bomba ya maji, kulikuwa foleni, nikashukuru Mungu juu ya foleni.

Nilirudi na ndoo ku kichwa. Nadège alikuwa amesimama. Mukono moja ku ukuta, moja ku kabati, ameinama anaangalia nyuma. Muguu mubaya iko chini, unyayo nzima.

"Mama, usisimame vile kama nguzo! Sogeza kabati!"

Hakujua. Nawaza hakujua kabisa kama amesimama. Nikatua ndoo, nikasogeza kabati. Hapo njo alijiangalia. Akasema "Eh!" Akakaa pa kitanda kama muntu aliyesukumwa. Akacheka, akalia, akacheka. Nilimukumbatia na nilitaka kufa.

Mercredi, tarehe 11

Parcelle nzima inajua. Bwana yangu, Papa Béa, alipiga simu toka Koni. Ni sentinelle, mulinzi, kule ku barrage ya maji yenye kutoa umeme. Siku kumi na ine kule, siku tatu hapa. Yeye analala pa mulango ya courant, siye hapa tunawasha mishumaa. Njo maneno anapenda kucheka nayo. Leo hakuifanya. Alipiga kelele mu simu: "Gari imemusimamisha! Nilisema! Ile gari ni dawa!" Nikasikia benzake banapiga mikono.

Nadège alisimama mara tatu. Kila mara ni kutafuta volant. Nyuma ya mulango, juu ya dirisha, mu ndoo ya makala. Alikamata béquilles yeye mwenyewe.

Sasa ninafanya nini? Nikisema ukweli, hatatafuta tena, atalala. Nikinyamaza, atatembea, lakini atatembea akitafuta kintu ambayo mama yake aliunguza. Nawaza hivi na ninakwangua chini ya sufuria, na sufuria iko safi.

Jeudi, tarehe 12

Alitoka inje. Hatua kumi na moja mpaka ku jikoni ya inje. Nilihesabu. Jua ilimupiga ku uso, akafunga macho, akabakia vile. Kiisha akachokora majivu yenye nilimwaga pa ukuta, na ncha ya béquille.

Ile duara ilikuwa ku tumbo yangu, mu fundo ya kitenge.

Mama Yvette alikuwa pa lupango, ku uzio yetu, akasema Bwana asifiwe. Nilimuchukia kidogo. Kiisha nikaacha. Si yeye aliinua sufuria.

Vendredi, tarehe 13

Asubui Nadège alisema anajua muntu mwenye kuiba. Ni Mamie, binti ya mama mwenye kuuza mukate. Alikuya kusuka siku ya mercredi ya wiki ile, alikaa karibu na kitanda, aliuliza mambo ya gari. Nadège alitaka niende kwa mama yake kuuliza. Alianza na kuvaa kiatu, aende mwenyewe kama minye ninakataa.

Mamie ana miaka kumi na tisa na hajaiba hata embe. Muntu akiitwa mwizi mu hii avenue, jina haitoki tena.

Nikafungula fundo. Ya kwanza, ya pili. Nikaweka duara pa kibao, mbele ya gari.

"Haiko Mamie. Ni minye. Samedi. Mu mbabula."

Hakuikamata.

"Sababu gani?"

"Woga."

Aliangalia ile chuma. Kiisha akasema: "Mufuko ya sukari." Akavua kiatu. Akalala, akageukia ukuta.

Samedi, tarehe 14

Hakusimama. Hakukula asubui. Mangaribi alikula samaki nusu, bila bukari, ugali yetu. Béquilles zimerudi nyuma ya mulango. Gari iko pa meza, na kitambaa juu.

Njo hii niliogopa. Imefika.

Dimanche, tarehe 15

Papa Béa amerudi toka Koni, na tilapia mbili mu ndoo. Nilimuambia pa mulango, kabla avue kofia. Hakunigombeza. Ingekuwa afazali.

Alikaa na Nadège saa nzima. Akatoka akaosha mikono polepole, njo vile anafanyaka kama anatafuta maneno. Akasema: "Nadège haiko na hasira juu ya kuunguza. Anasema woga anaijua, hata yeye iko nayo, sababu gani unazani hasimami? Hasira ni juu ya kutafuta. Anasema ulipiga magoti chini ya kitanda pamoja naye."

Nilienda ku robinet bila ndoo.

Mardi, tarehe 17

Leo nilikaa pa chini, karibu na kitanda yake, si pa kiti. Nikamulomba musamaha. Sikueleza Mama Yvette, sikueleza pousse-pousse, sikueleza kintu. Nilisema: "Nilikudanganya, na nilitafuta kintu nilijua haiko. Nisamehe, mama yangu." Ninamuitaka vile, sababu ana jina ya mama yangu. Hakugeukia ukuta.

Mangaribi Béa alipiga simu. Alikuwa ameuliza bale bantu ya gari. Kila kipande banaitoa mara moja. Kuomba ingine ni miezi mingi, na hawatumi mpaka huku. Nadège alisikiliza na simu pa tumbo, sauti ya nguvu. Aliikata.

Kiisha:

"Mama. Ile chuma iko wapi?"

Nikamupana. Aliipima na kucha, akaizungusha mbele ya dirisha. Ilikuwa bado duara kamili, haikupinda.

"Leta na uzi ya kusuka. Nyeusi, ile nyembamba."

Nikamuletea aifanye. Akakataa. Mikono yake inatetemeka sababu ya dawa. "Weye njo utafunga. Vidole yako inasuka mutoto akilala na haamuki. Minye nitaangalia."

Mercredi, tarehe 18

Papa Béa alirudi Koni asubui. Tulisugua chuma na majivu na ndimu. Ilitoka nyeupe. Ni hii tu.

Jeudi, tarehe 19

Nimesuka nywele miaka makumi tatu. Nimesuka babibi-arusi, nimesuka bafu, bantu benye kufa. Hakuna muntu alinisumbua kama hii binti.

"Fungula. Uzi imepanda juu ya mwenzake."

Nikafungula.

"Fungula. Hapa umekaza, hapa umelegeza. Chauffeur atasikia ku mikono."

"Chauffeur gani?"

"Fungula, apprentie."

Aliniita apprentie, mwanafunzi ya kazi! Njo vile patron Mukalay alikuwa anamuita yeye, mwaka ya kwanza. Nikainama nisionekane nikicheka.

Mara ya ine nilifunga kama vile tunafungaka nywele ya uzi: uzi moja kando ya mwenzake, bila nafasi, bila kurudi, na mate kidogo pa mwisho. Alitaka kuona pa mwanga. Mwanga ya chumba haikutosha. Akashuka kitanda, akakamata béquille moja, akaenda mpaka pa mulango, volant pa meno.

Nilijikamata kinywa na mikono yote mbili, kweli.

Akasimama pale, bega ku mulango, anaizungusha pa jua. "Hii inaweza," akasema. Si zaidi. Kwa Nadège ni mingi.

Samedi, tarehe 21

Aliiweka. Mikono yake haikutetemeka, au ilitetemeka na sikuona. Musumari moja ya katikati. Unazungusha volant, magurudumu ya mbele inageuka, kushoto, kuume. Nimeizungusha nisijue mara ngapi.

Mama Yvette alifika akasimama pa mulango. Niliona anaangalia viti. Nikamuambia yote pale pale, mbele ya Nadège, mbabula na uongo na yote. Akaweka mukono ku kifua. Alisema hakunituma kuunguza, alinituma kusali. Ni kweli.

"Na sasa chauffeur ni nani?" akauliza, polepole.

"Ni mama," Nadège akasema. "Volant ni yake."

Mama Yvette akatuangalia siye wawili. Kiisha akapiga kicheko, ile yake ya ndege kanga. "Basi asipite mbele ya kwangu! Hajui hata kuendesha baiskeli!" Akaingia. Akaomba kuona milango inafunguka. Aliifungula yeye mwenyewe, na kidole moja, kama muntu anagusa sufuria ya moto.

Woga yangu haikuisha. Ninaandika ukweli. Nikipita pa meza ninasalimu ile gari mu roho, nisijue sababu gani. Lakini ninapita.

Mardi, tarehe 24

Ku hôpital. Daktari alikunja goti, ikakunjama nusu. Akasema haijachelewa, aendelee, asibebwe tena. Asibebwe: aliniangalia minye. Tulirudi na taxi-bus mpaka ku rond-point, kiisha kwa miguu. Tulipumzika mara sita. Aliuza uso kwa bantu bote, anasalimu kama député ya bunge.

Jioni goti ilivimba. Nilitia maji ya chumvi. Akalala mapema.

Vendredi, tarehe 27

Vichwa tatu leo. Mvula imepunguka. Nadège amesema kesho anataka kwenda ku garage kwa patron Mukalay. Kusalimu tu. Ni avenue mbili, na moja kati yao ni ya goudron, ya lami.

Nikasema tutaenda saa tatu.

Akasema: "Si tutaenda."

Samedi, tarehe 28

Alivaa combinaison yake ya kazi, ile ovaroli. Imekuwa mukubwa kwake. Nilikaza mukanda na pini.

Nilifunga kitenge, nikavaa viatu. Aliniona. Akasema: "Mama, bakia." Hakusema na ukali. Nikavua kiatu moja, kiisha ya pili.

Nilimusindikiza mpaka pa lupango. Béquilles mbili, muguu, muguu. Kwanza alikamata ukingo ya barabara, pa majani, muzuri. Pa kona alisimama kungojea camion ya mizigo ipite. Ikapita. Akavuka. Kiisha nyumba ya pembe ikamuficha.

Nilirudi ndani. Nilichagua maharagi, nikatosha mawe, nikachagua tena. Niliosha sufuria. Nilikata kitunguu.

Ku barabara pikipiki inapita nyingi, ni siku ya soko. Moja ilipiga honi kwa nguvu.

Kisu ilibakia hewani kidogo. Kiisha nikakata kitunguu ya pili.